Everton, Aston Villa au Nottingham Forest: uanze na historia ya klabu ipi?

Mpwa wangu yuko kidato cha tano na amechoka kubishana juu ya zile klabu nne tano ambazo kila kijiwe kinazo. Anataka kuijua klabu moja kongwe ya Uingereza tangu shina lake: ilizaliwa mtaa gani, nani aliijenga, ilianguka lini na nani alibaki nayo ilipoanguka. Ameshachuja hadi zikabaki tatu, Everton, Aston Villa na Nottingham Forest, na hapo ndipo alipokwama. Najua hayuko peke yake. Tangu Everton ilipotua Dar es Salaam na Samatta alipovaa jezi ya Villa, swali hili nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo nimeona niziweke zote tatu kwenye mizani moja.

Mizani ya makombe haitoshi. Everton imetwaa ubingwa wa ligi mara 9 na Kombe la FA mara 5, lakini haijawahi kulibeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Villa ina ligi 7, Kombe la FA 7 na Ulaya mara moja. Forest ina ubingwa wa ligi mmoja tu na Kombe la FA mara 2, na bado imekuwa bingwa wa Ulaya mara mbili. Sasa hapo nani mkubwa? Mtabishana mpaka kahawa ipoe.

Nitazipima kwa mambo matano: chimbuko, kilele, majeraha, uwanja, na kamba inayozifunga na sisi huku. Niseme mapema kwamba majeraha nayapa uzito kuliko mengine. Habari za kombe unazimaliza kusoma kwa dakika mbili. Ukitaka kujua watu wa klabu ni watu wa aina gani, angalia walivyojaa jukwaani timu ikiwa daraja la tatu.

Chimbuko

Everton na Villa ni watoto wa kanisa. Villa ilianzishwa 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti la Villa Cross, Birmingham, waliokuwa wakicheza kriketi na kutafuta mchezo wa kuwashughulisha majira ya baridi. Mechi yao ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya raga, basi wakakubaliana: kipindi cha kwanza raga, cha pili soka. Villa ikashinda 1-0. Everton nayo ilianza 1878 kwa jina la St Domingo's, kanisa la Kimethodisti la jijini Liverpool, na mwaka uliofuata ikachukua jina la mtaa wake.

Forest ni kongwe kuliko zote mbili. Mwaka 1865 vijana waliokuwa wakicheza shinty, mchezo wa fimbo unaofanana na magongo, walikutana kwenye baa moja ya mtaa wa Shakespeare Street, Nottingham, wakaamua kuanza soka. Walinunua kofia nyekundu kwa heshima ya Giuseppe Garibaldi, mpiganaji wa Italia aliyekuwa akipendwa sana Uingereza miaka ile. Ndio wekundu wanaouvaa hadi leo. Na si wao peke yao. Mwaka 1886 wachezaji wa zamani wa Forest waliokwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha Woolwich walianzisha timu na wenzao, wakaiomba klabu yao ya zamani msaada, wakatumiwa jezi nyekundu. Timu hiyo ndiyo Arsenal. Kila anayevaa jezi nyekundu ya Arsenal Nairobi au Mwanza amevaa rangi iliyotoka Nottingham.

Villa ina jambo lingine kubwa zaidi, na nashangaa halisemwi mara nyingi. Mkurugenzi wake William McGregor, Mskoti mwenye duka la vitambaa, alichoshwa na mechi za kirafiki zilizopangwa kisha mpinzani asitokee. Machi 1888 aliziandikia barua klabu kadhaa akipendekeza ratiba ya kudumu, kila timu icheze na kila timu nyumbani na ugenini. Septemba mwaka huohuo klabu 12 zikaanza Ligi ya Soka, Villa na Everton zikiwamo. Forest iliingia baadaye, 1892. Ligi yoyote unayoifuatilia leo, ya kwetu ikiwamo, inatembea juu ya wazo la yule muuza vitambaa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, chimbuko linaloeleweka bila mkalimani ni la Everton. Uwanja wa Anfield ulikuwa wao. Walicheza pale kuanzia 1884 na wakachukua ubingwa wao wa kwanza pale 1891. Kisha likazuka zogo juu ya kodi ya uwanja kati ya wanachama na John Houlding, mfanyabiashara wa bia aliyekuwa na mamlaka juu ya kiwanja hicho. Wanachama, wakiongozwa na George Mahon, wakahama. Walivuka bustani ya Stanley Park, wakajenga Goodison Park na kuifungua 1892. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaunda timu yake: Liverpool. Aliyelelewa kwenye nyumba ya Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi. Yanga ya 1935, kundi likajitenga 1936, na ndugu wakawa watani wa maisha. Ukiijua hiyo, unajua kwa nini shabiki wa Everton anapoiangalia Anfield anaona nyumba ya familia.

Kilele

Kwa Forest, simulizi hii peke yake ingetosha kunivuta. Januari 1975 Brian Clough alikabidhiwa timu iliyokuwa katikati ya msimamo wa daraja la pili. Mwaka 1976 msaidizi wake wa siku nyingi, Peter Taylor, alimfuata. Mwaka 1977 walipanda kwa kushika nafasi ya tatu tu. Mwaka 1978 wakawa mabingwa wa nchi. Raundi ya kwanza ya Kombe la Mabingwa wakapangwa na Liverpool, waliokuwa wamelichukua kombe hilo mara mbili mfululizo, wakawatoa. Mei 1979, mjini Munich, waliifunga Malmö 1-0. Mei 1980, Madrid, wakaifunga Hamburg 1-0.

Ukitaka kuielewa timu hiyo, mtazame John Robertson, winga wa kushoto. Hakuwa na mbio. Clough alimkuta akiwa ameshakata tamaa, akamwamini, na fainali zote mbili zikapita kwenye miguu yake: Munich alipiga krosi iliyomkuta Trevor Francis, mchezaji wa kwanza kununuliwa kwa pauni milioni moja nchini humo, na Madrid akafunga mwenyewe. Kati ya Novemba 1977 na mwishoni mwa 1978 Forest ilicheza mechi 42 za ligi bila kupoteza, rekodi iliyovunjwa na Arsenal 2004. Na beki wake wa kulia, Viv Anderson, Novemba 1978 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya Uingereza. Ila vilele hivi vyote, na Makombe manne ya Ligi juu yake, vimekaa ndani ya utawala wa kocha mmoja. Nje ya zama za Clough, Forest ina Kombe la FA la 1898 na la 1959.

Villa ina vilele viwili vyenye bonde refu katikati. Kati ya 1894 na 1900 ilikuwa bingwa mara tano, na 1897 ilichukua ligi na Kombe la FA msimu mmoja. Halafu 1981, chini ya Ron Saunders, ikatwaa ubingwa kwa kutumia wachezaji 14 tu msimu mzima. Rudia kusoma namba hiyo: mechi 42, wachezaji 14. Februari 1982 Saunders akajiuzulu, msaidizi wake Tony Barton akashika usukani, na Mei 26 wakasimama mbele ya Bayern Munich mjini Rotterdam. Dakika za mwanzo tu kipa Jimmy Rimmer akashindwa kuendelea. Aliyeingia, Nigel Spink, alikuwa amecheza mechi moja tu ya ligi katika maisha yake. Akazuia kila kilichokuja. Peter Withe akafunga dakika ya 67, na ikatosha.

Kilele cha Everton kimetawanyika. Kuna William Dean, aliyejulikana kama Dixie, aliyefunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28 akiwa na miaka 21. Siku ya mwisho alihitaji matatu dhidi ya Arsenal ili aipite rekodi ya 59 iliyowekwa mwaka mmoja kabla yake, akayafunga yote matatu. Hakuna aliyemfikia tangu hapo. Kuna ubingwa wa miaka ya 30, wa 1963, wa 1970. Na kuna timu ya Howard Kendall ya 1985, iliyotwaa ligi na Kombe la Washindi barani Ulaya, baada ya kuipindua Bayern 3-1 kwenye nusu fainali pale Goodison. Hakuna usiku mmoja unaosimama juu ya mingine yote kama ule wa Rotterdam kwa Villa. Ukiichagua Everton unachagua karne nzima.

Majeraha

Jeraha la Everton ni gumu kulieleza kwa sababu klabu haijashuka daraja tangu iliporejea juu 1954. Kwanza ni 1985. Mei mwaka huo mashabiki 39, wengi wao Waitaliano, walikufa kwenye uwanja wa Heysel, Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya miaka mitano. Mbele ya vifo vile, soka ni jambo dogo, na wana Everton wenyewe wanalijua hilo. Lakini ni kweli pia kwamba kizazi chao bora kabisa, mabingwa wa 1985 na 1987, hakikupata kulicheza Kombe la Mabingwa hata mara moja.

Pili ni kuponea chupuchupu. Mwaka 1994, siku ya mwisho ya msimu, walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Wimbledon wakashinda 3-2 na kubaki. Mwaka 1998 sare na Coventry ikawaokoa. Mwaka 2022, tena wakiwa nyuma 2-0, wakaipindua Crystal Palace 3-2. Mwaka 2023 bao moja la Abdoulaye Doucouré siku ya mwisho. Msimu wa 2023/24 wakakatwa jumla ya pointi 8 kwa kukiuka kanuni za fedha, na wakabaki hata hivyo. Kombe lao kubwa la mwisho ni la FA la 1995. Anayeipenda Everton anajua kukaa na hofu mwezi wa tano.

Villa huanguka kweli, tena vibaya. Mwaka 1970 waanzilishi wa ligi walijikuta daraja la tatu. Hapa ndipo nilipoipenda klabu hii. Februari 1972 walikusanyika watu zaidi ya 48,000 Villa Park kuangalia mechi ya daraja la tatu dhidi ya Bournemouth. Mwezi huohuo Santos ya Pelé ilikuja kucheza nao kirafiki. Wakapanda msimu ule, na miaka kumi baadaye walikuwa mabingwa wa Ulaya. Miaka mitano baada ya Rotterdam wakashuka tena. Mwaka 2016 walishuka na pointi 17 tu, wakarudi 2019 kwa mchujo, na kufikia Oktoba 2024 waliifunga tena Bayern 1-0, safari hii nyumbani, kwenye Ligi ya Mabingwa.

Forest ina kidonda ambacho si cha matokeo. Aprili 15, 1989, ilikuwa timu ya pili uwanjani Hillsborough, nusu fainali ya Kombe la FA, siku mashabiki wa Liverpool walipokandamizwa kwenye uzio. Waliopoteza maisha ni 97. Mashabiki wa Forest waliyaona yote wakiwa upande wa pili wa uwanja. Yeyote anayeisoma historia ya klabu hii lazima apite hapo, na apite polepole.

Kisha kuanguka kwenyewe. Clough aliondoka 1993 timu ikishuka. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, na 1999 ikaondoka Ligi Kuu kwa miaka 23. Mwaka 2005 ikawa klabu ya kwanza iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya kushukia daraja la tatu la nchi yake. Kuna kizazi kizima Nottingham kilichokulia kwenye hadithi za baba kuhusu Munich na Madrid huku chenyewe kikitazama mechi za daraja la tatu. Mei 2022, pale Wembley, waliifunga Huddersfield 1-0 kwenye fainali ya mchujo, na watu wazima wakalia.

Uwanja

Hapa sina maneno mengi. Villa ipo Villa Park tangu 1897, na ukiujua uwanja huo umejua nusu ya historia ya Kombe la FA, maana nusu fainali nyingi zilichezwa pale. Forest ipo City Ground tangu 1898, ukingoni mwa mto Trent, na ng'ambo ya mto ndipo ilipo Notts County ya 1862, kongwe kuliko klabu zote za kulipwa. Everton ndiyo iliyohama. Mei 18, 2025 timu ya wanaume ilicheza mechi yake ya mwisho Goodison, uwanja wenye kanisa kwenye kona yake, ambapo Dixie Dean mwenyewe alifariki 1980 akitazama mechi na Liverpool. Sasa wapo kwenye uwanja mpya kando ya bandari ya zamani, Bramley-Moore, unaochukua zaidi ya watu 52,000, na Goodison imekabidhiwa timu ya wanawake.

Kamba inayofika kwetu

Villa inaongoza hapa, na sioni haja ya kujizuia. Januari 2020 Mbwana Samatta, aliyepitia Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji, alisajiliwa Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Februari mosi akafunga dhidi ya Bournemouth. Machi mosi, fainali ya Kombe la Ligi Wembley, Villa ikiwa nyuma 2-0 mbele ya Manchester City, Samatta akajirusha kwa kichwa na mpira ukaingia. Mechi iliisha 2-1 na kombe likaenda Manchester. Lakini kibanda umiza nilichokuwamo jioni ile kilitikisika, na mzee aliyekaa karibu nami, ambaye sikuwa namfahamu, alinishika mkono akaukazia mpaka mapumziko. Samatta hakukaa muda mrefu pale. Bao lile limekaa.

Everton ilikuja yenyewe. Julai 13, 2017, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ilicheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya miaka 13 Manchester United, alifunga kwa shuti la mbali. Mnyarwanda Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, kisha Kieran Dowell akaipa Everton ushindi wa 2-1. Mwaka uliofuata Gor Mahia ikaalikwa Goodison.

Kwa Forest kamba ni nyembamba. Divock Origi, Mbelgiji ambaye baba yake ni Mike Okoth, mshambuliaji wa zamani wa Harambee Stars, aliichezea kwa mkopo msimu wa 2023/24. (Wana Everton wanamkumbuka Origi kwa sababu nyingine: ndiye aliyewafunga dakika ya 96 pale Anfield, Desemba 2018.) Zaidi ya hapo, kinachoileta Forest huku ni ile rangi iliyowapa Arsenal.

Inamfaa nani

Kama muda wako ni mdogo na unapenda simulizi yenye mwanzo, katikati na mwisho, anza na Forest. Miaka mitano na nusu, kutoka Januari 1975 hadi Mei 1980, inasomeka wikiendi moja. Jiandae tu kwamba nje ya Clough utakuta vipindi virefu vya ukame, na ukiwa mtu wa kudai mataji kila muongo itakuchosha.

Kama unataka kuelewa soka lenyewe lilivyojengwa, nani alibuni ligi na kwa nini, Villa ndiyo darasa. Inamfaa pia Mtanzania anayetaka kuona jina la kwao ndani ya kitabu, na mwalimu anayetafuta mada ya kuwavutia wanafunzi kwenye somo la historia. Ugumu wake ni ule pengo kati ya 1920 na 1981, lililojazwa na Kombe la FA la 1957 na machache mengine. Usiliruke, kwa sababu daraja la tatu limo humo.

Kama umekulia kwenye nyumba yenye watani wa jadi, na unapenda historia ya mji na familia kuliko ya usiku mmoja, Everton itakushika. Itakufaa hata ukiwa shabiki wa Liverpool, kwa kuwa hutaielewa klabu yako bila kuyajua ya 1892. Haimfai mtu asiyeweza kusubiri.

Ukiwa Arsenal na hutaki kuhama, soma Forest kama unavyomsoma babu. Ukiwa na mtoto mdogo wa kumsimulia, anza na Spink akivua koti la benchi Rotterdam. Na kama bado umekwama, fanya nilivyomwambia mpwa wangu: usianze na fainali yoyote. Chukua mwaka mmoja mbaya wa kila klabu, Villa 1970, Everton 1994, Forest 2005, usome wiki moja moja. Yeye sasa yuko wiki ya pili, na jana usiku alinipigia simu kuniuliza Wimbledon walifungwaje mabao yale matatu.